Makalio na Milima Elfu

Kutoka Kagugu kuteremka kuelekea Gisozi, harufu ya gundi humpokea mtu kabla macho hayajaona kitu. Hapo ndipo penye Agakiriro, soko la mafundi linalojulikana Kigali nzima: maseremala, wachomeleaji, washona makochi, wauza mbao, vitambaa na sponji, wote wamebanana mlango kwa mlango. Limewahi kuungua zaidi ya mara moja, likainuka, na mafundi wakarudi na misumeno yao. Makochi ya sebule nyingi za wilaya ya Gasabo yametoka hapa. Na kwa kuwa anayeweza kuvisha kochi hashindwi kuvisha siti ya pikipiki, motari aliyechoka kukalia maumivu huja kuulizia hapahapa, siti ikiwa kwapani na pikipiki imeegeshwa nje, uchi.

Motari ndiye yule ambaye Kampala, Nairobi na Dar es Salaam wanamwita bodaboda. Anavaa kizibao cha kazi, anatembea na kofia ngumu mbili, yake na ya abiria, na hapakii zaidi ya mtu mmoja. Mishikaki ya watu watatu nyuma ya dereva haina nafasi katika jiji hili. Ukimtazama akipita Kagugu utadhani kazi yake ni vijisafari: Batsinda hadi Kagugu, Kagugu hadi Kacyiru, Kacyiru hadi Nyabugogo, kisha kupanda tena. Jumlisha vijisafari hivyo tangu alfajiri hadi taa za barabarani ziwake, nawe utakuta vinaweza kupita kilomita 100 kwa siku, kesho yake hivyohivyo, na keshokutwa hivyohivyo.

Majarida ya watalii wa pikipiki hayamjui mtu huyu. Yakiandika juu ya siti ya masafa marefu yanamfikiria mstaafu wa Ulaya au Marekani aliyechukua likizo, amefunga masanduku ya bati kila upande, anavuka nchi sita. Lakini makalio hayasomi ramani. Hayajui kama kilomita 150 zimeliwa kwenda Rubavu kwenye ziwa au zimeliwa kwa kuzunguka vilima vya Kinyinya kutwa nzima. Yanahesabu saa tu, na matuta.

Hata hivyo wale watalii wana la kufundisha, maana wao wamelifanya jambo hili kuwa elimu. Marekani kuna chama kiitwacho Iron Butt Association, ambacho mwanachama mpya huingia kwa kuendesha maili 1,000, yaani kama kilomita 1,610, ndani ya saa 24. Kwa anayetoka Kigali, umbali huo unakaribia kumfikisha Mombasa kwa njia ya Gatuna, Kampala na Nairobi, ikiwa ni pamoja na pale mpakani anapolazimika kuhama kutoka kulia kwenda kushoto mwa barabara. Chama hicho kinasifu makalio ya chuma kwa jina lake. Cha kuchekesha ni kwamba watu wa aina hiyo ndio haohao wanaowahangaisha watengeneza siti, kwa sababu wameshajua kuwa uvumilivu una saa zake, na zikiisha zimeisha.

Watengeneza siti wenyewe wamekuwa watu mashuhuri katika ulimwengu huo. Mike Corbin, ambaye kiwanda chake kiko Hollister, California, aliianza kazi hiyo mwaka 1968. Jina lake lina kisa kingine ambacho Kigali ingekipenda: mwaka 1974, kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, aliendesha pikipiki ya umeme kwa mwendo uliopita kilomita 260 kwa saa. Fundi wa siti, tena wa pikipiki za umeme! Nusu karne baadaye jiji la Kigali, ambako kampuni ya Ampersand iliingiza pikipiki zake za kwanza za umeme barabarani mwaka 2019, limewekewa na serikali sharti kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya ya kubeba abiria isisajiliwe kama si ya umeme. Umeme na makalio vitakutana tena mbele kidogo.

Kwanza, maumivu yenyewe. Mtu akikaa, uzito wake hausambai makalio yote. Sehemu kubwa huangukia vifundo viwili vya mfupa wa nyonga vilivyo chini kabisa, vile anavyovihisi akikalia jiwe au ngazi ya saruji. Kati ya kifundo na siti kuna nyama, na ndani ya nyama kuna mishipa ya damu myembamba kuliko unywele. Mwaka 1930 daktari Eugene Landis alipima shinikizo la damu katika mishipa ya namna hiyo kwenye ngozi ya pembeni mwa ukucha, akapata wastani wa milimita 32 za zebaki mahali damu inapoingilia. Watengenezaji wa magodoro ya hospitali na mito ya viti vya magurudumu wameinukuu namba hiyo tangu wakati huo, ingawa nyama ya makalio si ngozi ya kidole. Karibu kila siti hugandamiza zaidi ya hapo chini ya mifupa. Damu inasongwa, ganzi inaanza, moto unafuata, na mwendeshaji anaanza kuhamahama: mara tako la kushoto, mara la kulia, mara kusimama kidogo kwenye vikanyagio akijifanya anaangalia mbele.

Kusogea huko si udhaifu. Ndiko kunakookoa nyama.

Hapa ndipo wengi wanapopotea wakati wa kununua. Mtu anaingia dukani, anabonyeza siti kwa kidole gumba, inazama, anatabasamu, analipa. Kidole gumba si nyonga, na sekunde tatu si saa tatu. Wahenga walikwisha kusema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na siti ina kunguni wa aina yake: hawaumi dukani. Siti laini mno humpokea mtu kwa ukarimu dakika ishirini za kwanza, kisha sponji inakubali uzito wote, inajikunja hadi mwisho, na mifupa miwili inatua kwenye bati au plastiki iliyo chini. Kuanzia hapo mwenye siti hana sponji. Ana bati lililovishwa nguo nzuri.

Kwamba ulaini si starehe, wakazi wa Kigali walionyeshwa kwa macho yao Septemba 2025, jiji lao lilipoandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5, na mshindi, Tadej Pogačar wa Slovenia, alikaa barabarani zaidi ya saa sita juu ya kitako chembamba ambacho mama wa nyumbani asingekubali kukiita kiti. Mtu ataleta hoja kwamba mwendesha baiskeli anabeba nusu ya uzito wake kwa miguu na mikono, naye atakuwa amesema kweli. Ndiyo maana motari, anayekaa kama aliye kwenye stuli, miguu ikining'inia kwenye vikanyagio bila kusukuma kitu, ana haja kubwa zaidi ya siti pana. Pana, na inayombeba.

Turudi kwenye sponji, kwa kuwa ndiko siri nyingi zilikofichwa. Kuna mambo mawili ambayo hata baadhi ya mafundi huyachanganya: uzito wa sponji na ugumu wake. Uzito ni kilo ngapi za sponji ziko katika mita moja ya ujazo. Ugumu ni nguvu kiasi gani inahitajika kuibonyeza. Sponji inaweza kuwa nyepesi na ngumu, na ikishazoea makalio ya mtu kwa miezi michache inalegea na kubaki na shimo. Na inaweza kuwa nzito na laini, ikakaa miaka bila kupoteza umbo. Godoro la bei nafuu huwa na sponji ya kilo 20 hivi kwa mita ya ujazo, wakati mwingine chini ya hapo. Siti ya gari au pikipiki inayoheshimika hutengenezwa kwa sponji yenye uzito mara mbili au tatu ya huo, iliyomiminwa kwenye kalibu ikaumuka humohumo. Sasa fikiria fundi wa Agakiriro aliyezungukwa na vipande vya magodoro vilivyobaki kwenye makochi. Ni bure kwake, vipo mkononi, na mteja analia bei. Matokeo yake ni siti inayong'aa, iliyoumuka kama andazi, na ambayo kabla ya msimu wa mvua kwisha imeshabonyea katikati.

Dawa yake si ghali. Kuna sponji iliyotengenezwa kwa vipande vilivyosagwa na kugandamizwa pamoja, yenye madoa ya rangi nyingi, nzito mkononi. Fundi mwenye akili huilaza hiyo chini, sentimita kadhaa, na juu yake huweka tabaka jembamba la sponji laini kwa ajili ya ngozi. Mzigo unabebwa na ile ya chini. Ile ya juu ni ya makaribisho tu. Kanuni ni hiyohiyo kwa siti ya dola mamia inayotoka California.

Wauzaji wa vitu vya kisasa watapendekeza vingine. Sponji inayokumbuka umbo, ile anayoizamisha mtu kiganja na alama ikabaki, ilibuniwa mwaka 1966 na Charles Yost katika utafiti wa shirika la anga la Marekani, NASA, kwa ajili ya viti vya ndege. Hulainika kwa joto la mwili na hukakamaa kwenye baridi. Asubuhi ya Kinigi, chini ya volkano, siti ya namna hiyo huanza siku ikiwa na hasira. Jeli husambaza uzito vizuri lakini ikianikwa juani hutunza joto, na motari huacha pikipiki juani. Manyoya ya kondoo hupitisha hewa, hukausha jasho, na kwa mvua za Aprili za Kigali hugeuka kondoo aliyelowa. Kinachostahili heshima zaidi, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni mto wa hewa. Mhandisi wa Marekani Robert Graebe alibuni mto wenye vichuguu vingi vya mpira vinavyopumuliana, kwa ajili ya watu wanaoshinda kwenye viti vya magurudumu na kupata vidonda. Kampuni yake, ROHO, ilikuja baadaye kulileta wazo hilo kwenye pikipiki kwa jina la AirHawk. Kinga iliyokuwa ya mgonjwa ikawa starehe ya mtalii. Siri yake ni kujaza hewa kidogo tu, kiasi cha makalio kuelea nusu inchi juu ya siti. Anayeijaza ikawa ngumu kama mpira wa miguu amenunua tatizo jipya.

Sasa milima. Rwanda haikuitwa nchi ya milima elfu kwa utani, na Kagugu yenyewe ni mgongo wa kilima ambao kila njia ya kutoka kwake ni mteremko. Siti iliyochorwa kwa ajili ya tambarare za Uhindi, kama zile ndefu na nyoofu za Bajaj na TVS zilizojaa barabarani, ina mwinamo mdogo kuelekea tangi. Kwenye tambarare hausikiki. Kwenye mteremko, dereva anateleza mbele, anajizuia kwa mikono, mabega yanachoka, na sehemu za siri zinasukumwa kwenye tangi. Kisha breki. Abiria naye anateleza, na uzito wake wote unaegemea mgongo wa dereva. Motari akiteremka kwa saa kadhaa katika siku moja anakuwa amebeba watu kwa kiuno chake, si kwa springi za pikipiki.

Kwa hiyo umbo lina uzito kuliko sponji. Anayetaka siti ya Kigali amwambie fundi ainue sehemu ya mbele kidogo, sentimita moja au mbili, ili makalio yakae kwenye bonde dogo lisiloyaachia kuteleza. Amwambie pia aweke ngazi kati ya dereva na abiria, fupi lakini imara, ili breki ikishikwa abiria azuiwe na siti kabla hajamfikia dereva. Wapo wanaotaka mbele pawe pembamba ili miguu ifike chini kwenye foleni, na hilo ni haki, hasa kwa mfupi wa kimo. Ila wembamba uishie mapajani. Pale mifupa miwili inapotua panatakiwa upana, na upana huo mtu anaweza kujipimia mwenyewe: akalie kipande cha boksi kwenye stuli ngumu, ajiinamishe mbele kidogo, ainuke, na apime umbali kati ya mashimo mawili yaliyobaki. Kwa kawaida wanawake wana nafasi pana zaidi hapo kuliko wanaume, jambo ambalo siti za kiwandani hazikumbuki.

Ganzi ya mbele, ile ambayo wanaume hawaitaji hadharani, si ya kupuuza. Taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, NIOSH, iliwapa polisi wa doria wanaotumia baiskeli viti visivyo na pua, kisha ikawafuatilia kwa miezi sita. Wasiopata ganzi kabisa waliongezeka kutoka asilimia 27 hadi 82. Pikipiki si baiskeli, lakini neva inayobanwa ni ileile, na tangi lililo mbele ya siti inayoteleza linafanya kazi ya ile pua. Anayekunja uso akiambiwa habari hizi aulize kijiweni, jioni, wakati hakuna abiria karibu.

Ganda la nje lina siasa yake. Abiria wa Kigali anachagua pikipiki kwa macho, na siti yenye mishono myekundu na jina la timu ya Ulaya mgongoni inavuta wateja. Hiyo si anasa, ni biashara. Tatizo ni pale mapambo yanapopita chini ya mifupa. Mshono mmoja mnene, ukiukalia tangu saa kumi na mbili asubuhi, unaandika mstari kwenye nyama. Tena kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Mvua ikinyesha, sponji inakunywa kupitia mishono, na dereva anakalia maji siku mbili baada ya jua kurudi. Fundi mzuri hupeleka mishono ubavuni, hutandika karatasi ya nailoni kati ya sponji na ngozi bandia, na huchagua ngozi yenye mikunyanzi kidogo isiyoteleza mteremkoni. Ile laini inayong'aa ni ya sebuleni.

Kimo nacho kina bei yake. Ukikata sponji ili miguu ifike chini, umepunguza umbali kati ya siti na vikanyagio, magoti yanakunjika zaidi, na uzito uliokuwa mapajani unarudi wote kwenye vile vifundo viwili. Ukiongeza sponji, magoti yanapumua lakini kwenye foleni ya Nyabugogo mtu anasimama kwa vidole. Mrefu aongeze. Mfupi asikate kabla hajajaribu kuondoa upana wa mbele, kwa sababu mara nyingi kinachozuia mguu kufika chini ni paja kuzunguka siti pana, wala si urefu wa pikipiki.

Na huu umeme? Injini ya petroli ya pikipiki ndogo hutetemeka kwa kasi kubwa, na mtetemo wa namna hiyo sponji huumeza vizuri. Mota ya umeme haina mlipuko ndani yake, hivyo sehemu hiyo ya taabu inaondoka, na anayehamia pikipiki ya umeme hulihisi hilo siku ya kwanza. Kinachobaki ni barabara: tuta la shuleni, mawe yaliyopangwa kwenye vichochoro, udongo mwekundu uliochimbwa na mvua. Mishtuko hiyo ni ya polepole, na uti wa mgongo wa mtu aliyekaa huitikia vibaya zaidi mitikisiko ya kati ya mara nne na nane kwa sekunde. Katika kasi hiyo sponji haisaidii. Ikiwa laini sana inaongeza mruko, dereva anapaa na kutua. Kazi hiyo ni ya shokamzoba. Motari anayelipia siti mpya huku shokamzoba zake zimevuja mafuta anampa fundi wa Agakiriro kesi ya fundi mwingine.

Umeme umeleta na neema moja ambayo haimo kwenye matangazo. Betri ikikaribia kwisha, dereva analazimika kusimama kituoni kuibadilisha. Ni dakika chache, lakini anashuka, anajinyoosha, damu inarudi. Waendeshaji wa Iron Butt hujipangia vituo kwa nidhamu; motari wa Kagugu amepangiwa na betri.

Swali linalobaki ni la pesa: kuagiza au kushona? Siti ya jina kubwa kutoka Marekani hugharimu mamia ya dola kabla ya usafiri na ushuru, na nyingi hutengenezwa kwa pikipiki ambazo Kigali huzioni isipokuwa zimepita na mtalii. Ila utaratibu wao unafaa kuigwa. Kampuni ya Russell, inayojulikana kwa siti iitwayo Day-Long, humtaka mteja atume kimo, uzito, urefu wa miguu na picha zake akiwa amekaa kwenye pikipiki. Corbin ana mlango ambao mteja huingia akiendesha, akasubiri, na kuondoka na siti iliyokatwa mbele yake. Kumbe jambo ambalo Hollister linatangazwa kama huduma maalumu, Agakiriro ni kawaida ya kila siku. Fundi anamwona mtu, anamwona alivyonenepa, anaiona siti ya zamani na shimo lake limeelekea upande gani. Shimo hilo ni barua: likiwa upande wa kulia, mwenyewe anaegemea kulia, pengine kwa sababu ya simu iliyo mfukoni au mguu uliowahi kuvunjika. Anayelifuta shimo bila kulisoma ameichana barua.

Tofauti ni kwamba Corbin humkalisha mteja, hukata, humkalisha tena. Agakiriro mteja ana haraka ya kurudi kazini na fundi ana makochi yanayomsubiri, basi siti inapigwa pini siku hiyohiyo na kufungwa kabisa. Hapo ndipo panahitajika mapatano mapya, na hayahitaji mashine wala mtaji. Lipa nusu. Fundi abandike ganda kwa pini chache tu, zile za kushikilia, bila kukata ziada ya ngozi. Mteja aende nayo siku mbili tatu, kisha arudi, na kisu kifanye kazi ya mwisho.

Kwa anayetaka kuijaribu kwa haki badala ya kusubiri siku tatu za abiria, ipo barabara ya Musanze. Inatoka Nyabugogo na kupanda moja kwa moja hadi Shyorongi, kona juu ya kona. Yule ambaye ameanza kuhamahama kabla ya kumaliza mpando huo siti yake ina kosa la umbo, na sponji yoyote haitamponya. Akifika Nyirangarama, karibu nusu ya njia, kwenye duka la Sina Gérard ambako mabasi husimama na watu hununua sambusa na kichupa cha pilipili ya Akabanga, ashuke na asikilize: ganzi ya mbele ni mwinamo, moto wa pembeni ni ukingo au mshono, maumivu ya katikati ni sponji iliyofika chini. Akiendelea hadi Musanze, kama kilomita mia kutoka nyumbani, na maumivu yakaanzia huko, fundi hana cha kukata. Ampigie pini zilizobaki, amdai nusu ya pesa yake, na amuulize kama mkewe, anayepanda nyuma Jumapili kwenda kanisani, ameridhika na upande wake.